Sherehe ya Kumuaga Mwalimu Prudencia

"Kitanda kiko wapi?"

Mama Celestina aliuliza hivyo jana alipofika, akauliza tena kabla ya kulala, na asubuhi hii alikuwa anauliza kwa mara ya tatu huku akikunja mkeka waliolalia.

"Mama, si nimekwambia nimekiuza? Mtu anayekwenda Vietnam atafanya nini na kitanda hapa Mkolani?"

"Na ukirudi?"

"Nikirudi nitanunua kingine."

"Haya." Mama aliusimamisha mkeka ukutani. "Baba yako alikwenda Kampala miaka miwili, kitanda nikakiacha pale pale. Ila ninyi wa siku hizi mnajua zaidi."

Mkono mmoja wa Prudencia ulikuwa unachana nywele, wa pili umeshika simu, na macho hayakuwa kwenye nywele. Chumba kilikuwa kimebaki kuta. Kitanda kilikwenda kwa jirani, friji ndogo kwa muuza juisi wa Nyegezi, jiko la gesi kwa mwalimu mwenzake, na juzi alimalizia na mapazia, ndiyo maana dirisha lilizibwa kwa kanga. Vyote vilikuwa vimegeuka nauli, au tuseme sehemu ya nauli, maana nauli yenyewe ilikuwa bado haijatimia. Hilo mama hakulijua. Mama aliambiwa tiketi imeshakatwa. Kule kwao Muleba alimwambia jirani, jirani akamwambia katekista, na Jumapili iliyopita parokia nzima ilimwombea msafiri. Sasa nani angethubutu kumwambia mama kwamba waliombea kiti ambacho bado ni cha shirika la ndege?

Ujumbe uliokuwa kwenye simu ulitoka kwa Pius, wakala wa tiketi wa mjini: "Mwalimu mwisho ni leo saa 12 jioni. Baada ya hapo mfumo unafuta wenyewe."

Tiketi ilikuwa milioni mbili na laki mbili. Prudencia alikuwa na milioni moja na laki mbili. Kituo cha lugha cha Hai Phong, kilichomwajiri afundishe watoto Kiingereza, kilitaka kuona tiketi yake kesho na kumwona mwenyewe Alhamisi. Asipoonekana, walishamwandikia kwa adabu zote, nafasi itakwenda kwa mwombaji anayefuata. Mshahara wa huko ulikuwa nusu ya ule wanaolipwa Waingereza kwa kazi ile ile, na kwenye mahojiano hawakuona haya kumwambia hivyo. Lakini nusu hiyo ilikuwa mara nne ya mshahara wake wa hapa, na juu ya yote, ilikuwa inalipwa.

Prudencia alikuwa mwalimu wa Kiingereza, lakini mwaka huu wote kazi yake kubwa ilikuwa hesabu. Alilipia cheti cha kufundisha wageni, akasoma kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu. Alilipia kuthibitisha shahada, alama za vidole, vipimo vya damu, picha zenye mandhari nyeupe, na viza. Kila ofisi ilikuwa na ada iliyobandikwa ukutani na nyingine isiyobandikwa popote. Mahali pamoja aliambiwa printa haina wino. Akatoa elfu ishirini za wino, na karatasi ikatoka imefifia vile vile.

Katika bajeti hiyo kulikuwa na kosa moja, nalo alilifanya mwenyewe, kwa akili timamu. Upande wa mapato, chini ya akiba na mshahara, aliandika: sendofu, yaani sherehe ya kuagwa, milioni moja.

Ilikuwa hivi. Baba yake mdogo Jovitus, fundi wa mageti ya chuma kule Igoma, aliposikia habari za safari alisimama katikati ya karakana yake akapiga kofi kwenye paja. "Mtoto wa marehemu kaka yangu hawezi kuondoka Mwanza kimya kimya kama mwizi wa kuku!" Wiki hiyo hiyo kamati ikaundwa, na grupu la WhatsApp likafunguliwa. Prudencia angeweza kukataa. Hakukataa, kwa sababu amehudhuria sendofu nyingi na ameona bahasha zinavyomiminika, akapiga hesabu kwamba watu wakija wengi, bahasha zitatosha kumalizia tiketi. Wakati huo Pius alikuwa hajamtajia tarehe. Sherehe ikapangwa Jumamosi ya leo, na tiketi nayo ikapangwa kufa Jumamosi ya leo.

"Mama, wewe tangulia Igoma kwa baba mdogo," alisema akivaa viatu. "Mimi napita shuleni mara moja."

"Shuleni? Leo? Si wanakuja kukusuka?"

"Mara moja tu mama."

Shule ilikuwa juu kidogo ya barabara, mwendo wa kutoa jasho. Mwenye shule, Mzee Luhaga, alikuwa uwanjani akimsimamia kijana anayeosha basi jipya la njano. Prudencia alifundisha pale miaka mitano, na hii mitatu ya mwisho mshahara ulikuwa unakuja kama mvua ya Januari, leo upo, kesho hakuna ajuaye.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, Mwalimu! Bado uko huku? Mimi nilijua uko saluni." Mzee Luhaga alicheka kicheko cha mtu aliyekunywa chai nzito. "Suti yangu imeshapigwa pasi. Mgeni rasmi hachelewi."

"Nimekuja kwa ajili ya ule mshahara, Mkurugenzi. Miezi mitatu. Leo ndiyo mwisho wa kulipa tiketi."

"Ule mshahara haujapotea, Mwalimu. Upo."

"Upo wapi?"

"Kwa wazazi. Wakilipa ada, unakuja wenyewe."

Prudencia aliliangalia basi. Maji ya sabuni yalikuwa yanateremka kwenye kioo.

"Usiliangalie hivyo," alisema Mzee Luhaga. "Hili ni la mkopo. Siku ukiwa mwajiri utanielewa. Halafu tuambiane ukweli, unaondoka katikati ya muhula. Mwingine angekudai fidia. Mimi nimefanya nini? Nimechanga laki mbili kwenye sherehe yako! Taslimu! Nitajie mwajiri mwingine Mwanza hii."

"Hizo laki mbili ungenipa mimi mkononi, Mkurugenzi, pamoja na zangu."

"Mkononi?" Alishangaa kweli, si kwa kuigiza. "Mchango wa sherehe hapewi mtu mkononi. Unapewa kamati, unatangazwa, watu wanajua. Sasa nikikupa mkononi nani atajua?"

Mtu akikabwa na hasira Kiswahili chenyewe humpotea, sembuse Kiingereza. Prudencia aliaga akashuka barabarani, nusu anatembea nusu anakimbia, akampungia bodaboda wa kwanza kabla hajamwuliza bei.

Njiani Pius alipiga. Prudencia alibana simu ndani ya kofia ngumu.

"Mwalimu, umefikia wapi?"

"Naelekea Igoma kufuata hela. Huwezi kuniongezea hata siku moja?"

"Mwalimu, mimi si mfumo. Ningekuwa mfumo ningekuonea huruma. Wewe tuma hata ikiwa imebaki dakika moja, nakata. Ila ikipita, nafasi hakuna mpaka mwisho wa mwezi, na bei imepanda."

"Nitatuma, Pius."

"Mungu akutangulie."

Nyumbani kwa Jovitus uwanja ulikuwa umegeuka jiko. Sufuria kubwa tatu zilikuwa kwenye mafiga, wanawake wanakata vitunguu, na mwanaume mmoja alikuwa anapasua mbavu za ng'ombe kwa shoka. Mama Celestina alikuwa ameshavua viatu na kukamata ndizi zake mwenyewe, anamenya akiwasimulia wengine habari za Vietnam, nchi ambayo kwa maelezo yake ilikuwa karibu na Yerusalemu. Wanawake walipomwona Prudencia wakapiga vigelegele. Aliwasalimia wote mmoja mmoja, akicheka kwa meno tu, kisha akamvuta baba yake mdogo nyuma ya karakana.

"Baba mdogo, tiketi sijalipa."

Jovitus alikuwa amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. "Hujalipa nini?"

"Tiketi. Imebaki milioni moja, na mwisho ni saa kumi na mbili leo. Luhaga amekataa kunilipa. Naomba zile hela za kamati ambazo hazijatumika."

Jovitus alimwita Bernadeta, mweka hazina, jirani yake mwenye duka la vitenge. Bernadeta alikuja na pochi kwapani. Tangu asubuhi hakuiweka chini, hata chooni alikwenda nayo. Aliposikia habari alishika kiuno.

"Mayu! Sasa mwanangu, hizi zina kazi zake. Ukumbi tumelipa nusu, nusu nyingine ni kabla hawajatufungulia mlango. MC bado. Mwenye vinywaji yuko njiani na gari, anataka keshi."

"Zote ni shilingi ngapi?"

"Milioni moja na laki mbili na ushee."

Prudencia alifumba macho. Ilikuwa pale, ndani ya pochi ya plastiki ya kahawia, umbali wa mkono. "Watu wanaweza kunywa maji," alisema. "Tunaweza kulia hapa hapa uwanjani, chakula si kipo? Hatuhitaji ukumbi. Mama Bernadeta, hii sherehe ni ya mimi kusafiri. Nisiposafiri ni sherehe ya nini?"

"Maji?" Bernadeta alimwangalia Jovitus.

"Pru, nisikilize." Jovitus alishusha sauti. "Mimi nimechangia watu wa Igoma hii miaka kumi na tano. Harusi zao, vipaimara vyao, misiba yao. Sijawahi kuwa na shughuli. Sina binti wa kuozesha, unajua. Watu wananiuliza, Jovitus, zamu yako lini? Leo ndiyo zamu yangu. Leo nikiwaambia hakuna ukumbi, hakuna bia, hela imekwenda kwenye ndege, unajua watasema nini? Watasema Jovitus kazila."

"Waonyeshe tiketi."

"Tiketi hailiwi, mwanangu."

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililomuuma Prudencia. Angefoka, yeye angepata pa kushika. Lakini huyu ndiye mtu aliyemlipia ada ya sekondari kwa kuchomelea mageti ya watu mpaka macho yakawa yanatoa machozi usiku kucha.

"Basi bahasha," alisema. "Zifunguliwe watu wakiingia tu."

"Bahasha ifunguliwe aliyeileta hajala?" Bernadeta alishtuka kuliko aliposikia habari za maji. "Wataondoka! Bahasha ni baada ya sherehe, mbele ya kamati, saa nne, saa tano huko."

Huko uwanjani mtu aliita aletewe chumvi. Bernadeta aligeuka pembeni, akaingiza mkono kifuani kwenye sidiria, si kwenye pochi, akatoa elfu hamsini iliyokunjwa ndogo. "Hii ni ya kwangu mimi. Ya kamati siwezi kugusa, wananijua." Jovitus naye akapekua mifuko yote minne ya suruali, akapata elfu themanini. Wakampa. Prudencia alizipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Alizituma kwa Pius pamoja na alizokuwa nazo. Kisha akaanza kupiga simu akizunguka karakana, kutoka kwenye mitungi ya gesi mpaka kwenye geti ambalo halijapakwa rangi, na kurudi. Alipiga kwa walimu wenzake, kwa rafiki aliyesoma naye chuo, kwa binamu wa Geita mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Wengi walijibu neno lile lile: "Nilishachanga, Pru. Muulize baba yako mdogo." Ni kweli walichanga. Hakuna aliyemnyima. Mtanzania ukimwomba wa shule atakwambia hali ngumu, ukimwomba wa sherehe atakuuliza mwisho wa mchango ni lini.

Saa tisa walimkamata wakamsuka na kumpaka poda. Gauni la dhahabu, la kukodi, lilibana mbavu. Kadi iliandikwa saa kumi, na saa kumi na moja na nusu ndipo ukumbi ulipoanza kujaa. Walimsimamisha nje ya mlango pamoja na mama yake, kwa sababu MC alitaka waingie kwa kucheza na DJ alikuwa hajapata wimbo. Simu ilikuwa ndani ya kiganja, imefichwa na shada la maua ya plastiki. Ilibaki robo saa. Aliwaza kumrukia Bernadeta na pochi yake, akakumbuka kwamba mwenye vinywaji ameshalipwa na kuondoka.

Wimbo ulipatikana. Mlango ukafunguliwa. Walicheza hatua mbili mbele, moja nyuma, MC akiwataka warudie kwa sababu mpiga video hakuwa tayari. Walikuwa katikati ya ukumbi simu ilipotetemeka. Prudencia alisoma kwa jicho moja: "Pole mwalimu. Mfumo umefuta. Hela yako nitakurudishia Jumatatu."

"Nani huyo?" Mama Celestina aliuliza bila kuacha kucheza.

"Mtu wa tiketi."

"Anasemaje?"

"Anasema safari njema."

Mama akatabasamu, akainua mikono juu zaidi, akacheza kweli kweli, mwanamke wa miaka sitini na goti bovu. Prudencia alimwona akicheza vile na kitu kikamchoma. Hakuna uongo mbaya kama ule unaomfurahisha mtu.

Alikaa meza kuu. Alishindwa kutulia, alivua kiatu, akakivaa, akakivua. Keki ililetwa, ina umbo la ndege yenye madirisha ya bluu. Mabegi matatu ya magurudumu yakasukumwa mbele, zawadi ya kamati, la kwanza kubwa la kutosha kulala mtoto. Mzee Luhaga alipewa kipaza sauti akasema kwa muda mrefu kwamba shule yake sasa inazalisha walimu wa kimataifa, na kwamba wazazi wenye watoto wasisite. Watu wakapiga makofi. Jovitus alikuwa anazunguka katikati ya meza akishikana mikono na watu, uso unang'aa, mtu aliyefikiwa na zamu yake.

"Na sasa," MC akanguruma, "mwenyewe! Mwalimu wa Vietnam! Atuage, na atuage kwa Kiingereza, tusikie kile kinachomsafirisha!"

Ukumbi ukashangilia. Prudencia alisimama na kiatu kimoja mguuni.

"Kiingereza ninalipwa kukifundisha," alianza, "ingawa sijalipwa. Leo niseme Kiswahili tuelewane wote."

Wakacheka.

"Mama, nisamehe. Nilikudanganya. Tiketi sina. Ilifutwa saa kumi na mbili, tukiwa tunaingia kwa kucheza. Yule mtu wa tiketi hakunitakia safari njema." Akaugeukia ukumbi. "Nawashukuru mliochanga. Mmechanga kuliko hata hiyo tiketi, na mimi sikujua kwamba nina ndugu wenye uwezo hivi. Baba mdogo, sikulaumu. Nilikubali mwenyewe, nikidhani sherehe italeta nauli. Mgeni rasmi, nashukuru kwa laki mbili zako. Na ile mishahara yangu ya miezi mitatu bado naisubiri, hapa mbele ya mashahidi. Siendi popote. Karibuni chakula."

Kilichosikika ni feni za darini. Kisha mtu wa nyuma kabisa akapiga makofi, pengine hakusikia vizuri, na wawili watatu wakamfuata. MC alikohoa. "Aaah, mwalimu wetu ana utani! DJ!" DJ akaweka wimbo, tena kwa sauti ya juu. Jovitus alikuwa amesimama katikati ya meza na mkono wake bado ndani ya mkono wa mtu, wote wawili wamesahau kuachiana. Mzee Luhaga alijifuta mdomo ambao haukuwa umekula kitu, akanyanyuka akaelekea kwenye chakula, maana mgeni rasmi ndiye anayefungua. Na kwa kuwa alifungua, watu wakaanza kunyanyuka meza kwa meza, wa kwanza kwa aibu, waliofuata kwa njaa.

Mama Celestina alivuka ukumbi mzima akichechemea. Prudencia alimngoja amchape kibao au alie. Mama alimshika kifundo cha mkono, akakibana mpaka kikauma.

"Twende ukale."

"Mama, sitaki."

"Utakula. Tangu asubuhi hujaweka kitu tumboni. Twende."

Wakapanga foleni kama watu wengine. Aliyekuwa mbele yao aligeuka, akawaona, akageukia mbele upesi. Wali ukawekwa, ndizi zikawekwa, na kwenye sufuria ya nyama msichana mwenye aproni akachota vipande viwili, akavishusha kwenye sahani ya Prudencia, akanyoosha mkono kupokea sahani ya mama.

Prudencia hakuisogeza sahani yake.

"Ongeza," alisema.

"Dada, kila mtu viwili. Kamati ndiyo imesema."

"Ongeza."

Msichana alimtazama Bernadeta, aliyekuwa amesimama mwisho wa meza kulinda chakula. Bernadeta alifungua pochi yake tupu akaanza kutafuta kitu ndani yake. Msichana akachota kipande cha tatu, akakiweka, akangoja. Sahani bado ilikuwa pale pale.

"Weka tena," alisema Prudencia. "Nimeilipia mimi."